Waya wa Chini ya Tenki

Jua lilikuwa limekwisha zama nyuma ya mapaa, lakini mwanga ulikuwa bado unatosha kumwonyesha mtu anapokanyaga, Shoti alipotoka kwake na bakuli la supu mikononi. Mkewe alikuwa amelifunika kwa sahani na kulifunga kwa kitambaa, akakaza fundo mara mbili.

"Akisema hataki, usinirudishie," alimwambia mlangoni. "Kaa naye mpaka anywe."

"Nikishindwa nitainywa mwenyewe njiani."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Wakacheka kidogo, cheko la watu wanaojua kwamba jambo lenyewe halichekeshi.

Shoti lilikuwa jina la utani. Alikuwa fundi wa umeme wa pikipiki, na badala ya kutumia taa ya kupimia kama wenzake gereji, yeye aliugusa waya kwa kidole. Ukimng'ata, alicheka na kusema, "Huyu yuko hai." Watoto wa mtaani ndio waliompa jina hilo, kisha wateja wakalipokea, na mwishowe hata mkewe alimwita hivyo, hasa akiwa amekasirika.

Supu ilikuwa ya dada yake. Huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimfunga kamba za viatu, alimtoa tongotongo, alimchapa alipostahili na kumficha alipotafutwa na wengine wamchape. Sasa dada alikuwa mjane. Tangu mumewe azikwe, chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Mwanzoni watu walisema ni msiba tu, atazoea. Hakuzoea. Hospitali walimpima kila kitu wakamwambia hana ugonjwa. Nyama ilimwisha mikononi, kisha mashavuni, akabaki mifupa na macho. Kila Shoti alipomtazama, alijua kwamba akizembea kidogo tu, atamzika na huyu.

Alimkuta ameketi kitandani, ameuelekea ukuta wa upande wa banda la pikipiki.

"Dada, kunywa kidogo. Nimelibeba bakuli hili kama mtu aliyebeba mtoto wa watu."

"Liweke hapo, mdogo wangu."

"Nikiliweka hapo litakaa hapo mpaka kesho."

Kidole kimoja cha dada kilikuwa kikigonga godoro polepole, kama kinachofuata mdundo wa mbali. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Ile pikipiki ya shemeji yako. Huwezi kuiwasha?"

"Ya kazi gani?"

"Niisikie tu. Siku nitakayoisikia, nitakula."

Shoti alimtazama vizuri, akaona kwamba hatanii. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Majonzi hakujua kuyatibu. Lakini pikipiki isiyowaka? Hiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku.

"Dada," alisema, "kama dawa ni hiyo tu, wewe andaa sahani."

*

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu kuliko Shoti. Rangi yake nyeusi ilikuwa imebaki kwenye maungio tu; pengine pote mikono na miaka viliila. Haikuwa na betri. Zile za zamani zilijitengenezea umeme wenyewe: sumaku huzunguka ndani ya injini, umeme ukazaliwa, ukapita kwenye koili kupata nguvu, ukaruka kwenye ncha ya plagi kama cheche, na cheche ikawasha petroli. Injini isipozunguka hakuna umeme, na pasipo umeme hata taa ya mbele haiwaki.

Banda lilikuwa limeegemea nyumba, na mlango wake wa bati ulielekea barabarani. Shoti aliufunga. Hiyo ndiyo desturi ya kazi: cheche hutafutwa gizani, maana kwenye mwanga hata iliyo nzima unaweza kuikosa. Alifungua plagi, akairudishia kofia yake, akailaza juu ya injini chuma kwa chuma, akapiga kiki.

Giza.

Akapiga tena. Giza tupu, wala ule mlio mdogo wa tik haukusikika.

"Haya," alijisemea, "leo tumesalimiana. Kesho tutaongea."

Kesho yake, baada ya kazi, alirudi na mfuko wa vifaa. Ugonjwa wa umeme hutafutwa kinyumenyume, kama mtu aliyedondosha ufunguo njiani: unarudi ulikotoka, hatua kwa hatua, macho chini. Alianza na plagi, akaweka mpya. Giza. Akakata ncha iliyooza ya waya mnene wa plagi. Giza. Akabadilisha koili kwa nyingine aliyoijua kuwa nzima. Akazisugua pointi, vile vidomo viwili vya chuma vinavyofungana na kuachana ndani ya injini, mpaka zikang'aa. Akaweka kondensa nyingine, kile kikopo kidogo kinachotunza umeme. Kila alipopiga kiki, giza lilikuwa lile lile. Kila kiungo kilikuwa kizima, na bado mwili ulikuwa haupumui.

Akang'oa tenki.

Chini yake, nyaya zilijipanga kwenye fremu kama mishipa. Aliufuata kwa kidole ule waya wa kuzimia. Huo kazi yake ni moja: ukitaka injini inyamaze, unabonyeza kitufe, nao waya unaupa umeme njia rahisi ya kukimbilia kwenye mwili wa pikipiki badala ya kwenda kwenye plagi. Mafundi husema umekwenda athi. Ukienda athi umekwisha, hakuna cheche.

Kidole kikasimama.

Waya mwingine, mwembamba, mweusi, ulikuwa umeungwa hapo. Ncha yake ya pili ilikuwa imelehemiwa kwenye fremu, kwa risasi nyingi iliyoyeyushwa, tabaka juu ya tabaka, kama mtu aliyerudi mara kwa mara kuongeza. Kwa hiyo umeme wote wa pikipiki hii ulikuwa ukienda athi muda wote. Isingewaka hata mtu angeipiga kiki mpaka goti lichomoke.

Na Shoti aliujua mkono uliofanya kazi ile. Mafundi wote husokota waya kuelekea kulia. Shemeji yake alikuwa mtu wa kushoto, akasokota kushoto. Yeye ndiye aliyemfundisha Shoti kushika koleo.

Juu ya kiungo kulikuwa na kitambaa kilichozungushwa badala ya utepe. Alikifungua. Kilikuwa cha maua ya zambarau, na Shoti alilikumbuka gauni kilikotoka. Lilikuwa la dada.

Alikaa kidogo na koleo mkononi. Kisha akatabasamu.

"Shemeji mjanja wewe."

Maana wenye pikipiki wa zamani walikuwa na hila hiyo. Mtu aliogopa wezi, akaficha waya wa athi mahali anapopajua yeye tu. Mwizi akipiga kiki, anaambulia jasho. Kila fundi amekutana nayo. Shemeji aliuweka, akaugua, akafa nao. Na kitambaa? Fundi hutumia alichonacho. Kwa akili ya gereji, jambo lote lilikuwa limeeleweka, na mtu mwingine yeyote, asiyejua lolote juu ya nyaya, huenda angejiuliza zaidi.

Akaukata.

Bati la paa likalia... tak... tak... kama linavyolia jua linapolichoma mchana. Lakini jua lilikwisha zama. Harufu ya udongo uliolowa ikajaa banda, ile harufu ya tone la kwanza la mvua juu ya vumbi. Shoti akasikiliza. Hakukuwa na mvua. Labda jirani amemwagia maua, alijiambia.

Akailaza plagi juu ya injini, akapiga kiki.

Cheche.

Lakini ilikuwa nyekundu. Cheche yenye afya ni ya buluu. Nyekundu ni dhaifu, haivuki hata pengo jembamba. Hii ilikuwa nyekundu na nene, na iliruka mbali kuliko inavyotakiwa, ikakaa hewani kitambo kama inayotazama.

Akafunga plagi, akarudisha tenki, akafungua petroli. Aliweka mguu kwenye kiki. Hakukumbuka baadaye kama alikwisha kuikandamiza au la. Injini ilishika yenyewe, kwa sauti nzito, ya chini, ya taratibu.

Aligeuka. Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, ameshika miimo kwa mikono miwili.

"Amekuja," alisema.

Shoti akadhani ni kumbukumbu za mumewe, akainamisha kichwa.

Usiku ule dada alikula. Alikula sahani nzima, akaomba tena, akailamba ya pili kwa kidole. Shoti aliizima pikipiki, akafunga petroli, akafungua plagi na kuitia mfukoni. Hiyo nayo ilikuwa desturi yake: hakuacha injini ya mtu usiku bila kuondoka na plagi, asije mtu akacheza nayo. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

"Amekula?" mkewe aliuliza.

"Amekula mpaka akanitisha."

"Na hilo nalo la kukutisha? Kaoge, unanuka petroli."

*

Siku iliyofuata, kabla hajafika kwa dada, aliitwa. Jirani, mama mmoja fundi cherehani aliyeshonea barazani kwake, alimpungia kwa mkono wenye kipande cha chaki.

"Wewe Shoti, umehamia huku siku hizi?"

"Kwa nini, mama?"

"Asubuhi pikipiki, mchana pikipiki. Kola ya shati la watu nimeishona mgongoni kwa kelele zako."

"Leo sijafika, mama. Natoka gereji sasa hivi."

Mguu wa yule mama ukaacha kukanyaga. Gurudumu la cherehani likazunguka kidogo, likasimama.

"Usinitanie jioni hii, mwanangu."

Shoti akatia mkono mfukoni.

Plagi ilikuwepo.

Aliitoa akaitazama kwenye kiganja. Masizi yake yalikuwa makavu. Injini isiyo na plagi ni chungu kisicho na kitako. Hakuna namna iwayo yote ya kuwaka. Yule mama aliitazama plagi, kisha akamtazama usoni, na ingawa hakujua umeme, alielewa.

Akamvuta karibu. Sauti yake ikawa mnong'ono.

"Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Shemeji yako aliniletea kiti cha ile pikipiki nikishone upya. Sehemu ya nyuma ilikuwa imebonyea, spring zimelala. Nikashona. Haukupita muda, kimerudi, kimebonyea pale pale. Nikashona tena. Kimerudi. Nikamtania, nikamwambia, wewe baba, unambeba nani huko nyuma mzito hivi, na sisi tunakuona unapita peke yako? Akacheka. Hakucheka vizuri, Shoti. Akaniuliza, ‘Kwa hiyo na wewe hujamwona?’"

"Alimtoa wapi?"

"Sikuuliza. Alisema tu kuna jioni alisimamishwa njiani na mtu aliyelowa, siku isiyokuwa na mvua. Na kwamba huyo mtu, walipofika nyumbani, hakushuka. Alimtazama dada yako aliyekuwa mlangoni anamngoja mumewe..."

Hakumaliza. Kutoka upande wa nyumba ya dada, mngurumo ulianza. Mzito. Wa chini. Wa taratibu.

Shoti alikimbia.

Mlango wa bati ulikuwa wazi, umeielekea barabara. Taa ya mbele ilikuwa inawaka, nyekundu kama kaa la moto. Pikipiki ilikuwa juu ya stendi, na gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka hewani.

Dada alikuwa ameketi juu yake.

Hakuwahi kuendesha pikipiki maisha yake yote. Lakini mikono yake ilikuwa kwenye usukani, viwiko vimelegea, kama mtu aliyezaliwa humo. Nyuma yake kiti kilikuwa kimebonyea. Na gauni lake, kiunoni, lilikuwa limekunjamana pande zote mbili.

Kama lililoshikwa.

Harufu ya udongo uliolowa ilimpiga Shoti kifuani.

"Dada. Shuka."

"Tunaondoka, mdogo wangu," dada alinong'ona, kwa upole ule ule aliomzoesha utotoni alipokuwa akienda sokoni na kumwacha. "Usilie. Wewe ni mkubwa sasa."

Shoti alifunga petroli. Mngurumo haukupungua. Akaushika waya wa plagi akauvuta kando; ulikuwa unaning'inia tu, kofia tupu. Tundu la plagi lilikuwa wazi kichwani mwa injini, na lilikuwa linavuta hewa na kuitoa... linavuta na kuitoa... na hewa iliyotoka ilikuwa ya baridi.

Dada akaegemea mbele. Stendi ikaanza kujikunja. Gurudumu likishika ardhi, lingemchukua.

Basi akili ya Shoti ikarudi kinyumenyume, kama alivyofundishwa. Injini. Pointi. Waya wa kuzimia. Waya mweusi...

Aliinama, akapitisha mkono chini ya tenki, akaipapasa ile ncha aliyoikata. Aliipata. Akaivuta kuelekea kwenye fremu, mahali ilipokuwa imelehemiwa. Haikufika. Jana aliikata yeye mwenyewe, na jana ilikuwa ndefu, lakini sasa ilikuwa imejikunja, imeungua, imebaki fupi kama kucha. Kati yake na fremu palikuwa na nafasi ya kiganja cha mtu.

Kwa hiyo akaweka kiganja.

Aliushika waya kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaikumbatia fremu. Akawa yeye ndiye njia ya athi.

Kilichopita ndani yake hakikuwa umeme. Umeme aliujua, unang'ata, unatikisa, unaachia. Hiki hakikung'ata. Kiliingia polepole kupitia vidole kama maji ya kisimani, kikapanda mkono, kikafika begani, kikasimama. Kikageuka huku na huku ndani yake, kama mgeni anayekagua chumba. Shoti alitaka kupiga kelele, mdomo haukufunguka. Aliwaza tu: simwachii. Simwachii.

Kikashuka upande wa pili.

Injini ikakohoa.

Ikanyamaza.

Taa ikafifia mpaka ikazimika. Nyuma ya dada, taratibu sana, spring za kiti zikanyanyuka.

Dada alianguka ubavuni, Shoti akamdaka kwa bega, bila kuondoa mikono yake pale ilipokuwa. Kwa mara ya kwanza tangu msibani, dada alilia. Alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka, kama wanavyolia watu wazima wanaopona.

"Nimefikaje huku?" aliuliza. "Mbona miguu yangu ina baridi? Mdogo wangu... nina njaa."

"Nenda ndani, dada. Jirani atakuja kukaa nawe. Nenda."

Alipobaki peke yake, Shoti aliziba ile nafasi kwa kiganja kimoja, akavuta mfuko wa vifaa kwa mguu. Alikata waya mpya kwa meno. Jirani, aliyefika mlangoni akakataa kuvuka kizingiti, alimpashia chuma cha kulehemia motoni, akampitishia kwa kuunyoosha mkono. Shoti aliunga, akasokota kushoto, akamwaga risasi juu ya risasi, akazungushia kile kitambaa cha maua ya zambarau. Alipima kwa macho. Kilikuwa kiungo kizuri, shemeji mwenyewe angekisifu.

Akaondoa mkono.

Ndani ya kioo cha taa, uzi mwembamba ukaanza kuwa mwekundu. Na kutoka ndani ya nyumba kidole kikaanza kugonga ubao wa kitanda, polepole, kwa mdundo.

Akaurudisha mkono juu ya chuma kilichokwisha anza kupata joto. Uzi ukazimika. Kidole kikaacha.

Alikaa hivyo mpaka giza lilipoingia sawasawa na mbwa wa mtaani wakaanza kubweka. Hapo ndipo chuma kilipopoa chini ya kiganja chake, akaweza kuondoka. Kesho yake, jua lilipoanza kuzama, alikuwa tena pale.

*

Dada alipona. Mtaa mzima uliona. Mashavu yalirudi, kisha mabega, kisha ile sauti yake ya kugombeza wapita njia wanaotupa taka karibu na mlango wake. Alichota maji, alifua, alicheka. Chakula kilichobaki mezani kwake hakikuwahi kumwona jogoo wa asubuhi.

Shoti ndiye aliyekonda. Kila alichokula kilikuwa na ladha ya msumari. Alitoka gereji mapema kila siku, na kila jioni alikaa kwenye kigoda bandani, mkono mmoja chini ya tenki. Mkewe alianza kwa utani.

"Wengine wanaoa mke wa pili. Wewe umeoa pikipiki."

"Angalau haina mama mkwe."

Baadaye mkewe aliacha utani. Akawa anamtazama tu anapovua shati.

Shoti alifikiri sana katika jioni zile. Alielewa nusu ya jambo, nusu nyingine hakuielewa. Alielewa kwamba waya peke yake haukutosha, ulipunguza tu. Ndiyo maana baada ya shemeji kufa dada alianza kunyauka. Hakuelewa yule aliyelowa ni nani, wala alikuwa akienda wapi, wala kwa nini alimtaka dada. Mwishowe alichoka kutaka kuelewa. Alipata mtu wa mbali, mpenda vitu vya kale, aliyekuwa tayari kuja kuipakia kwenye gari na kwenda nayo huko kusikojulikana. Angekuja asubuhi.

Jioni ile dada alimletea chakula bandani. Alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani, mikono yake imejaa, inang'aa kwa mafuta. Aliweka sahani juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kula, mdogo wangu. Umekuwa kama ufito."

"Nitakula. Dada, nimepata mtu wa kuinunua hii."

"Iuze tu. Mimi hata sijui kwa nini nilikusumbua siku ile." Alikaa kizingitini, akanyoosha miguu. "Lakini mwambie kabisa asije akairudisha. Maana shemeji yako naye aliwahi kuiuza."

Kiganja cha Shoti kilikuwa kimetulia kwenye chuma.

"Hukuwepo, ulikuwa bado unafanya kazi kule mbali. Mimi siku hizo niliugua sana, sikumbuki chochote. Wananisimulia tu. Wanasema nilikutwa barabarani, huko mbali kabisa, natembea bila viatu, upande ule ule ilikokwenda. Nyayo zimechanika. Na mikono nimeinyoosha mbele hivi," akaonyesha, akikunja vidole, "kama nimeshika usukani." Akacheka, akatikisa kichwa. "Walinishika watu wazima wakashindwa. Sijui ningefika wapi. Basi yule mnunuzi akairudisha mwenyewe alfajiri. Akaiegemeza ukutani, hakungoja hata salamu, akaondoka kwa miguu. Nami nikapona."

"Ukapona."

"Siku ile ile. Na jioni yake mume wangu akaanza kukaa hapo. Hapo hapo ulipo wewe, mkono wake hivyo hivyo. Kila siku ya Mungu, mpaka alipoanza kuumwa. Nikawa namwonea wivu, nikasema, mwanamume huyu anaipenda pikipiki kuliko mimi."

Nje, mtu alipita barabarani akiongea peke yake, akaenda zake. Mwanga mlangoni ulikuwa unakwisha. Shoti alimtazama dada yake: shingo yake nene, visigino vyake safi, namna alivyopumua bila haraka.

"Huyo mnunuzi anakuja lini?" dada aliuliza.

"Haji," Shoti alisema. "Nimeghairi."

"Shauri yako." Dada alisimama, akajipangusa vumbi. Alifika mlangoni, akageuka. "Nikuletee mto? Mwenzio alikuwa akilalamika mgongo."

Chini ya kiganja, taratibu, chuma kilianza kupata joto.

"Niletee, dada."